Ile filimbi ya Link kwenye Zelda ya N64, inaweza kutengenezwa ya kweli hapa Dar?

kijana_wa_mtoni

Habari za jioni wakuu, poleni na majukumu. Nina jambo langu linanikaa kichwani wiki ya pili sasa na mtaani sina wa kumuuliza maana washkaji zangu wote kwenye gemu ni wa mpira tu.

Kaka yetu mkubwa ni baharia, zamani hizo alituletea Nintendo 64 na kaseti tatu, mojawapo ni The Legend of Zelda: Ocarina of Time, ile iliyotoka 1998. Mashine ilikaa juu ya kabati la mama miaka mingi imefungwa kwenye kipande cha kanga, mwezi uliopita nikaishusha nikaifuta vumbi nikaichomeka kwenye tivi ya chogo, ikawaka. Toka siku hiyo mimi na mdogo wangu wa kike, ana miaka 11, tunacheza kila jioni akishamaliza homuweki, na kazi tumegawana, mimi nashika pedi kwenye kupigana, ye anashika ikifika kwenye muziki.

Kwa ambao hamjaicheza ngoja nieleze kidogo maana hapa ndo penye swali langu. Link, yule kijana unayemchezesha, akiwa anaondoka msituni alikokulia rafiki yake anamsubiri darajani na kumpa kifilimbi, umbo lake kama kiazi kitamu chenye kamdomo pembeni. Baadae binti mfalme akiwa anakimbizwa juu ya farasi usiku na mvua inanyesha anatupa cha kwake kwenye maji ya handaki la ngome, cha bluu, Link anakifuata anakichukua. Hicho cha bluu ndo chenyewe. Sasa kitu kilichonishika ni kwamba hubonyezi batani moja halafu muziki ukajipiga wenyewe, hapana, ukikitoa batani tano za pedi zinageuka noti tano na unapiga wewe mwenyewe kwa vidole vyako, ukikosea umekosea, ukipatia dunia inakujibu. Ukipiga wimbo wa jua mchana panakuwa usiku na usiku panapambazuka. Wa dhoruba unaleta mvua palepale. Wa farasi, farasi anakuja mbio hata kama hukumuona.

Juzi dogo anaosha vyombo uani namsikia anaupiga kwa mdomo ule wa farasi, noti zote ziko sawa, mara mbili kama inavyotakiwa, afu akanyamaza na sufuria mkononi akawa anaangalia getini. Nilimuona kupitia dirishani hakujua kama nipo. Jioni yake akaniuliza, kaka hii filimbi inauzwa wapi?

Sikuwa na jibu. Kwa hiyo naomba kujua, ocarina ni chombo cha kweli au waliitunga Wajapani kwa ajili ya gemu? Na kama ni cha kweli hapa Dar naweza kupata au kutengenezewa, na je nyimbo za kwenye gemu zinapigika kwenye ya kweli? Sina hela ya kuagiza nje na kulipia mzigo.

La pili tumekwama. Kijijini Kakariko kuna jamaa ndani ya kinu cha upepo, Link akiwa mtu mzima jamaa anafoka kwamba miaka saba iliyopita kuna mtoto alikuja na ocarina akaharibu kinu, akatufundisha na wimbo wenyewe. Kisima cha kijiji kimejaa maji hatuwezi kuingia. Dogo amelala na hilo swali, huyo mtoto ni nani?


sauti_ya_tatu

Kijana wa Mtoni umenigusa aisee, hiyo ya sufuria na geti nimeisoma mara mbili.

Mi nafundisha kwaya huku Ubungo kwa hiyo ntakujibu la noti, la kutengeneza watakuja wenye mikono. Zile batani tano ukizisikiliza vizuri ni hivi, A ni re ya chini, C ya chini ni fa, C ya kulia ni la, C ya kushoto ni ti, na C ya juu ni re ya juu. Do yangu hapo ni C ya kinanda, usiichanganye na batani C za pedi. Basi, re fa la ti re. Noti tano, nyimbo zote za ocarina mle ndani zimejengwa hapohapo, na aliyezitunga ni Koji Kondo wa Nintendo.

Chukua daftari umwandikie dogo. Wa farasi ni re ya juu, ti, la, unarudia. Wa kubembeleza wa binti mfalme ni ti, re ya juu, la, unarudia. Umeona? Noti zilezile tatu, kabadilisha mpangilio tu, mmoja unaita farasi mwingine unafungua njia za kifalme. Wa msituni ni fa la ti. Wa dhoruba re fa re ya juu. Wa jua la fa re ya juu. Wa wakati la re fa. Zote hizo sita ni noti tatu zinazopigwa mara mbili, ndo maana mtoto anazishika bila hata kukaa chini kufundishwa.

Huo wa msituni sikiliza safari ya kutoka fa mpaka ti. Huo umbali sisi kwenye kwaya tunauogopa, sauti ya pili wakiukuta kwenye noti wanateleza kila mara mpaka nipige kinanda, una kama kuning'inia hivi, hauko nyumbani hauko safarini, na yeye kauweka kwenye wimbo wa mtoto wa msituni anayependa kucheza. Niliwahi kuwapa watoto wa kwaya ndogo kama zoezi la sauti bila kuwaambia umetoka wapi. Wiki mbili baadae nasikia wanaimba wenyewe wakati wa kupanga viti.

Kwa hiyo jibu langu ni ndio, chombo chochote kitakachokupa hizo noti tano kwa usahihi kitapiga nyimbo zote. Huhitaji chombo cha matundu kumi na mbili.


PediYaKijivu

Wa Mtoni karibu sana, mi hii gemu nimeicheza tangu tuko na ile tivi ya kuzungusha kwa mkono na naipenda mpaka kesho.

Naanza na kisima. Kama mmeshamaliza hekalu la msituni mnaweza kurudi utotoni, nendeni Hekalu la Wakati mrudishe upanga kwenye jiwe lake, Link anakuwa mtoto. Nenda Kakariko ukiwa mtoto, ingia kwenye kinu cha upepo, jamaa yuleyule yumo ila saa hii ana furaha anazungusha chombo chake cha muziki. Mpe dogo pedi. Apige wimbo wa dhoruba alioufundishwa na jamaa mwenyewe. Kinu kitaenda kasi kupita kiasi, jamaa atachanganyikiwa, na maji ya kisima yatakauka. Shukeni, mle chini kuna lenzi ya kuonea vitu vilivyofichwa, mtaihitaji sana mbele. Kunatisha lakini, usimwache dogo peke yake mle.

Sasa huyo mtoto ni nani unajua tayari. Ni nyie. Mwache dogo aligundue mwenyewe usimwambie, kaa pembeni umuangalie uso jamaa akianza kupiga kelele.

Na swali linalokuja baada ya hapo ndo limenikaa mimi miaka yote, wimbo huo nani aliutunga? Jamaa kaupata kwa mtoto. Mtoto kaupata kwa jamaa. Umezunguka kama kinu chenyewe hauna mwanzo. Nimeshakaa na watu tukabishana mpaka umeme ukarudi, kuna anayesema huo ni uzembe wa waandishi, mi nakataa kabisa, wangeweza kirahisi kuweka kitabu mahali au mzee wa kuufundisha, mle mle kwenye gemu wimbo wa jua una kaburi na jiwe lenye maandishi ya waliouhangaikia, kwa nini huu tu usiwe na mwenyewe? Mi naona walitaka tuone kwamba wimbo unaweza kupita mkono kwa mkono ukasahaulika aliyeanza. Nyimbo za kuruka kamba na za rede tulizoimba shuleni nani alizitunga? Tulizikuta tukaziacha.

Kitu kingine msikipite. Ziwa Hylia kuna sanamu za kutishia ndege shambani, mkiwa watoto, sanamu mmoja anawaomba mumpigie wimbo wenu wenyewe wa noti nane, wowote mnaotunga, anaukariri. Mkirudi watu wazima baada ya ile miaka saba mnampigia uleule, anawakumbuka, na toka hapo kuna sehemu mkiupiga mwenzie anachomoza mnajivuta kwake kwa ule mnyororo wa kurusha wa Link. Mi wa kwangu niliuandika nyuma ya daftari la hesabu la darasa la sita na mpaka leo vidole vinaujua. Huo ndo wimbo wa kumwachia dogo autunge yeye, usimsaidie hata noti moja.

Alafu mfundishe hii, ocarina ikiwa mdomoni akisukuma kijiti cha pedi juu noti inapanda kidogo, chini inashuka, R inapandisha nusu noti, Z inashusha nusu noti. Hakuna mahali gemu inakulazimisha kutumia. Waliiweka tu. Kwa hiyo ndani ya zile batani tano kuna noti nyingi kuliko zinazoonekana na unaweza kupiga hata nyimbo za nje ya gemu kabisa. Na mto Zora kuna vyura watano wamekaa kwenye gogo, nendeni mkiwa watoto muwapigie nyimbo mnazozijua mmoja mmoja, ule wa dhoruba usisahau, wana zawadi.


Mzazi_Tabata

Samahani kuingilia. Mimi sichezi gemu ila nina watoto wa umri huo. Nimesoma hapa nikaona mtoto wa miaka 11 anajifunza kuita mvua kwa filimbi, kubadilisha usiku kuwa mchana, sijui kutawala wakati. Sisi tumelelewa kwamba hata mluzi usiku hupigi. Hamuoni kama tunawazoesha watoto mambo ya kichawi? Nauliza kwa nia njema jamani.


mwenyeji_pwani

Mzazi wa Tabata nia yako naiona na swali lako ni la haki, mimi ni mtu mzima nina wajukuu kwa hiyo nakujibu kama mzazi mwenzio, hilo gemu nimelitazama kwa mjukuu wangu nikiwa nimekaa nyuma yake na kahawa yangu.

Mluzi usiku hata mimi mama yangu alinikataza, alisema unaita nyoka, na wengine wakasema unaita wasiotakiwa kuitwa. Sawa. Lakini tazama walichokuwa wanaamini wazee waliosema hivyo, walikuwa wanaamini sauti si kitu cha kuchezea, kwamba ukiitoa inafika mahali na inasikiwa. Nilipomuona yule kijana wa kwenye gemu anasimama mbele ya mlango wa hekalu ameweka yale mawe matatu, anatoa kifilimbi na kupiga noti sita mlango ukafunguka, sikuona uchawi wa mganga, nimeona siwa.

Vijana wengi hawaijui siwa. Ni baragumu kubwa la watawala wa pwani. Ile ya Pate ni ya pembe ya ndovu, ndefu kumpita mtu, ile ya Lamu ni ya shaba. Mwinyi Mkuu wa Unguja kule Dunga naye alikuwa na siwa na ngoma zake. Siwa haikupulizwa ovyo, ilitoka kwenye kutawazwa na kwenye shughuli za nyumba kubwa, na mwenye nayo ndiye mwenye haki ya kutawala, ikichukuliwa na mwingine basi na heshima imehama. Sasa kwenye gemu ocarina ya bluu ni mali ya nyumba ya mfalme, binti mfalme anaona yule mbaya anamfukuza anaona bora aitupe majini aiokote kijana anayemwamini kuliko ifike mkononi kwa adui. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa hapo. Mjukuu wangu aliniuliza kwa nini hakukimbia nayo tu, nikamweleza habari ya siwa mpaka kahawa ikapoa.

Na kitu kingine kilichonipendeza, yule mwalimu mwenye kinubi anayemtokea kijana njiani. Hampi wimbo kama dawa. Anaupiga yeye kwanza, kijana anaufuatisha, wanarudia wawili kwa pamoja, ndipo anamwachia aende. Hivyo ndivyo tulivyofundishwa kasida. Hivyo ndivyo ngoma zote zinavyofundishwa, mmoja anatoa, mwingine anapokea.

Kwa hiyo mimi ningemwacha mtoto, ila mchana. Usiku majirani wamelala.


Mzazi_Tabata

Shikamoo mzee wangu. Nimekuelewa, na hiyo ya siwa nitawasimulia wangu leo.


BintiMfinyanzi

Nimeitwa huku na mtu aliyesema kuna anayetafuta filimbi ya udongo. Mimi nafinyanga vyetezo, mitungi na vyungu vya maua, nauza kandokando ya barabara huku Mbagala. Gemu siijui. Ocarina naijua, maana mwaka juzi kijana mmoja aliniletea picha kwenye simu akataka nimtengenezee na nilikataa kwanza, afu ikaninyima usingizi.

Jibu la swali lako ni chombo cha kweli kabisa tena cha udongo. Huyo kijana alinisomea kwamba hii ya umbo la kiazi aliianzisha Muitaliano Giuseppe Donati wa mji wa Budrio, kama 1853, na jina maana yake bata bukini mdogo. Filimbi za udongo za kupuliza zilikuwepo Uchina na Amerika ya Kati zamani sana kabla yake. Kwa hiyo Wajapani walikikuta wakakipenda kama wewe.

Haifanyi kazi kama filimbi ya mwanzi. Kwenye mwanzi mahali ulipotoboa ndipo panapoamua noti. Hii ni chungu chenye hewa ndani, ukipuliza hewa yote ya tumboni inatetemeka kwa pamoja, kwa hiyo tundu liwe mbele liwe nyuma haijalishi sana, kinachohesabika ni ukubwa wa uwazi wote ulioacha wazi. Wazi kidogo sauti nzito, wazi sana sauti juu. Nimemsoma mwalimu wa kwaya hapo juu, nikakaa nikapiga hesabu. Unataka noti tano, basi matundu manne yanakutosha. Yote yamezibwa ni re ya chini, fungua la kwanza iwe fa, la pili la, la tatu ti, la nne re ya juu. Ili ipande kutoka re mpaka re uwazi wote pamoja na ule wa kinywani unatakiwa ufike kama mara nne ya mwanzo, ndo maana la kwanza linakuwa dogo kuliko yote, la pili linakaribia mara mbili yake kwa upana wa uwazi, la tatu linarudi kati ya hayo mawili, la nne ndo kubwa kabisa. Kuna Muingereza John Taylor miaka ya 1960 alionyesha kwamba matundu manne tu ukiyachanganya vidole yanakupa skeli nzima, kwa hiyo dogo akikua hatabaki na noti tano.

Kufinyanga sasa. Chukua udongo uliokandwa ukaisha mapovu, tengeneza vibakuli viwili kama nusu mbili za embe dodo, unene sawa kila mahali kama kidole kidogo cha mtoto. Kwaruza kingo, paka uji wa udongo, unganisha. Kamdomo unakaongeza pembeni na hapo ndo penye kazi, njia ya pumzi mimi naipitisha kwa njiti bapa ya aiskrimu, inatoka safi. Mbele ya njia ya pumzi unakata dirisha dogo na upande wa pili wa dirisha unachonga ukingo mkali kama wa kisu, pumzi ikitoka inapasuka pale nusu inaingia nusu inatoka. Pumzi isipougonga ule ukingo sawasawa unasikia fuuu tu kama mtu anapuliza mkaa. Mimi nililala chini kabisa na tochi nikachungulia kwenye kinywa, nikaona mstari wa ukingo umekaa juu ya njia ya pumzi kwa unene wa kucha. Nikashusha. Ikalia. Niko peke yangu bandani saa nne asubuhi nikajikuta nimesimama.

Sita za kwanza ziliharibika, tatu zilipasuka kwenye kukauka, ya nne haikufika motoni ikaanguka, mbili za mwisho zilipasuka tanurini maana nilikuwa na haraka. Kausha kivulini wiki nzima umefunika na gunia bichi siku mbili za mwanzo. Moto uanze mdogo, maji yaliyobaki kwenye udongo yakichemka ghafla yanapasua. Na matundu yapime udongo ukiwa umekazika kidogo bado haujakauka, ukishakauka na kuchomwa unasinyaa na sauti inapanda, kwa hiyo acha kila noti chini kidogo kuliko unavyotaka.

Njoo Jumamosi na dogo wako. Udongo upo, sikulipishi udongo, utalipia kuni. Ila afinyange yeye.


kijana_wa_mtoni

Dada mfinyanzi sina la kusema zaidi ya asante, nimekutumia ujumbe. PediYaKijivu tumefanya kama ulivyosema, nilimpa pedi nikakaa kimya. Kinu kilipoanza kukimbia na jamaa akaanza kupiga kelele dogo alisimama katikati ya sebule akasema kaka, ni sisi, ni sisi ndo tulimfundisha! Afu akakaa. Afu baada ya muda akasema sasa wa kwanza kabisa kuupiga ni nani. Nikamwambia watu wazima wanabishana mpaka leo. Na shikamoo mzee mwenyeji wa pwani, mama ameisoma yako kwenye simu yangu akaniambia niisevu.


kijana_wa_mtoni

Narudi na mrejesho wakuu, wiki tatu zimepita.

Tulienda Mbagala. Dogo kafinyanga mbili, dada akamwambia siku zote fanya mbili. Moja imepasuka motoni upande wa tumbo, ya pili imetoka nzima, ina rangi ya tofali na upande mmoja doa jeusi la moshi linalofanana na kisiwa, ndo upande anaoupenda. Ina alama ya kidole gumba chake karibu na kamdomo, udongo umeikamata mpaka mistari ya ngozi.

Nimepima kwa programu ya noti kwenye simu. Ikiwa imezibwa yote inatoa re, sawasawa kabisa sikuamini, fa iko sawa, la iko sawa. Re ya juu iko chini kidogo sana, sikio langu halioni. Tatizo ni ti, iko chini, ipo kati ya ti na ile noti nyeusi ya kabla yake. Wimbo wa dhoruba na wa jua na wa wakati anapiga vizuri maana havina ti. Wa farasi ndo unayo na ndo anaoutaka. Jana kaupiga uani akaacha katikati akasema farasi hatausikia huu.

Imeshachomwa sasa, je naweza kutoboa tundu jingine au ndo basi?


BintiMfinyanzi

Usitoboe jipya, itapasuka. Chukua msasa laini ukunje kwenye njiti ya kiberiti, ingiza kwenye tundu la tatu, zungusha mara tano futa vumbi piga pima. Tena mara tano. Polepole maana ukishatoa hurudishi. Ukilipanua la tatu re ya juu nayo itapanda kwa sababu ukipiga re hilo la tatu nalo liko wazi, kwako ni vizuri maana umesema iko chini kidogo. Ikizidi chukua nta ya nyuki kidogo kama punje ya mchele uipake ndani ya ukingo wa tundu la nne kwa ncha ya sindano, itashuka.

Na apulize taratibu. Akipuliza kwa nguvu noti zote zinapanda. Muulize anapimaje pumzi, inawezekana kwenye la anapuliza kwa nguvu na kwenye ti anaogopa.


kijana_wa_mtoni

Ndo hivyo hivyo dada. Alikuwa anaogopa ti. Msasa mara kumi na tano, nta sikuhitaji. Amekaa kwenye kizingiti cha uani saa hii anapiga, re ti la, re ti la, na mbwa wa jirani kaja kasimama getini.